Ngata ya Mlangoni

Naam, ni kweli: vidole vyangu vimekwisha.

Jambo hili nimelikana kwa miaka. Nimelikana mbele ya daktari, mbele ya mume wangu, na mbele ya Nakiru, aliyesimama akinitazama nikishindwa kufungua chupa ya maji huku nikimweleza kwamba viwanda vya siku hizi hufunga chupa kwa hasira. Mara nilisema ni baridi. Baridi, Isiolo! Mara nilisema nimechomwa na mwiba wa mathenge, na kwa kuwa hapa kwetu hakuna asiyewahi kuchomwa na mwiba wa mathenge, uongo huo ulinisaidia kwa muda. Sasa nakiri, tena kwa maandishi, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa: mfunga mashada hawezi tena kufunga shada.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki na kibanda cha Kiwanjani, na mwingine yeyote anayedhani kazi ya mikono ni ya waliokosa kazi. Msione haya, hata mimi nilidhani hivyo. Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, nikakaa kwa mama yangu Bulla Pesa nikingoja serikali inikumbuke. Serikali ina mambo mengi. Krismasi ikatangulia kufika. Hivyo ndivyo mtu alivyotoka na shahada akaishia na shada, na tofauti yake, kama mnavyoona, ni silabi moja tu. Na jina mnaloniita, Mwalimu, sikulipata darasani. Sijawahi kufundisha hata siku moja. Niliitwa hivyo kwa sababu ya kusahihisha watu ambao hawakuniuliza.

Mwaka ule mama alitaka kitu cha kupamba mlango. Mimi nilikuwa nimeona mashada ya Krismasi kwenye maduka ya Nairobi, yale ya duara, ya kijani, yenye utepe mwekundu, nikamwambia asijali, mwanawe ana elimu. Nilishuka mtoni na panga. Matawi ya msonobari hapakuwa nayo. Palikuwa na mathenge.

Mathenge mnaujua: ni mgeni aliyekuja bila kualikwa na hadi leo hajaaga. Huharibu meno ya mbuzi, huchoma miguu ya wachungaji, na malisho huyameza. Lakini fito zake changa hupindika vizuri, na uzuri mwingine ni kwamba hakuna mtu duniani atakayekushtaki kwa kuzikata. Kuna mama mmoja aliyenikuta nikikata nyuma ya boma lake akaniletea chai, akaniomba nihamie huko kabisa. Ndiyo maana nawaambia shada letu ni la bei rahisi. Kitu pekee cha kununua ni kamba ya mkonge. Mengine unayachuma, na ukitabasamu unashukuriwa.

Basi nikapinda fito zangu, nikazifunga, nikachomeka maganda ya mgunga yaliyojikunja kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa, nikalitundika shada langu mlangoni. Nikarudi nyuma hatua kadhaa ili nijipongeze kwa mbali.

Jirani yetu Mama Tume akatokea. Huyu ni Mborana anayeuza ubani na manemane sokoni, na sauti yake ilikuwa, na bado ni, ya mtu anayeita ngamia upande wa pili wa mto. Alilitazama shada.

"Salaam aleikum. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama Tume. Ni pambo la Krismasi."

"Ah. Nilifikiri ni shada ya kaburi." Akalisogelea, akaligusa. "Sasa hii si ngata ya kubebea maji?"

"Si ngata," nikasema. "Ni sanaa."

"Ni ngata. Angalia. Iko mviringo, iko na shimo katikati. Ngata ya mlango." Akaling'oa kwenye msumari kabla sijamzuia, akalitua kichwani mwangu, akachukua jagi la mama lililojaa maji, akaliweka juu. "Tembea, msomi."

Nilitembea. Jagi halikutembea nami. Shada lilifunguka kama mtu aliyefichuliwa siri, na maji yote yakaniingia shingoni. Mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kama haiwezi kubeba jagi," Mama Tume akasema, "itabeba Krismasi aje?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia, na hapo ndipo ulipotoka ule mtihani mnaoulalamikia. Mnadhani niliubuni ili kuwatesa. Kila duara la kibanda chetu, kabla halijapambwa, hukaa kwanza kichwani mwa aliyelifunga likiwa na jagi la maji juu yake, na aliyelifunga hutembea nalo kutoka mlangoni hadi getini na kurudi. Duara likicheza, linafunguliwa upya. Najua mnanipiga video. Najua pia kuna iliyofika mbali, maana binamu yangu aliye Mombasa alinitumia mwenyewe akiniuliza kama siku hizi nimejiunga na sarakasi.

Mama Tume alinifundisha kufunga ngata, lakini msimfanye malaika. Alikuwa na majivuno kuliko mimi, na mimi nilikuwa na mengi. Nilipomwambia nimesoma hadi kupata shahada, alinijibu, "Shahada mimi niko nayo tangu nizaliwe, na sikuenda Nairobi." Nilipomsimulia juu ya wale mamajusi waliomletea mtoto Yesu dhahabu, ubani na manemane, aliacha kupima ubani wake akanikazia macho.

"Hao wazee walitoka wapi?"

"Mashariki."

"Na hapa ni wapi?"

Nikaukumbuka mkoa wetu. "Mashariki."

"Basi walinunua kwa watu wetu." Tangu siku hiyo akajiona mshirika halali wa Krismasi, akadai kila shada liwe na ubani wake. Mimi nilipenda wazo hilo, maana shada linalonukia huuzika kabla halijaonekana. Tatizo lilikuwa namna ya kuubandika. Mama Tume akaapa kwamba ubani hauhitaji kamba wala gundi, hujishika wenyewe. Yeye ameushika maisha yake yote, anaujua. Tukaubandika hivyo kwenye shada la mlango wa kanisa letu.

Saa sita jua la Isiolo likauona. Ubani ukalainika, ukatiririka hadi kwenye kitasa, na pasta wetu alipokuja kufunga mlango, mkono wake ukabaki. Mwanamume yule alisimama pale akituita kwa upole wa kiroho ambao sijausikia tena tangu siku hiyo. Nilimkimbilia Mama Tume sokoni nikimlaumu.

"Kwani mlitaka ubani wa kukimbia?" akaniuliza. "Huo umeshika. Nilisema utashika."

Ndiyo sababu leo tunauweka ndani ya vifuko vidogo vya majani ya mkoma yaliyosukwa. Si urembo, ingawa wateja wetu hudhani ni urembo na mimi huwaacha wadhani. Na ndiyo sababu, Ekai mwanafunzi wangu, nilikunyang'anya ile bunduki yako ya gundi ya moto uliyoiona kwenye simu. Wale wa kwenye simu wanaishi penye theluji. Gundi yako ikitundikwa hapa kwenye mlango unaotazama magharibi, kufikia alasiri mapambo yote yatakuwa chini na shada litakuwa uchi.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa na miguu. Kuna migunga mifupi, upande wa kupanda Laikipia, yenye vifundo vyeusi vya duara ambavyo upepo ukipita hupiga mluzi. Niliviona nikazimia kwa furaha. Vinang'aa, ni vyepesi, vina miiba myeupe inayotoka pembeni kama nyota. Nilivifunga kwenye shada kubwa nikampelekea Madam Gacheri, mwenye nyumba ya wageni barabara ya kwenda Leparua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuninunulia. Kile ambacho chuo kikuu hakikunieleza ni kwa nini kifundo kina tundu. Kina tundu kwa sababu kina wenyeji. Shada lilitundikwa ukumbini, joto la jikoni likapanda, na siafu wadogo wenye hasira wakashuka ukutani kwa mstari kuelekea mchuzi wa wageni.

Madam Gacheri hakupiga kelele. Yeye ni Mmeru wa kule Nkubu, nami ni Mmeru mwenzake, kwa hiyo tunajuana: Mmeru akinyamaza, sogea. Alinipa ufagio. Nilipomaliza kufagia aliniambia, "Wewe utarudi mwaka ujao na kitu kizuri, kwa sababu sasa unaniogopa." Na kweli nilirudi, kila mwaka, nikimwogopa. Hajawahi kununua pengine. Wala hajawahi kukubali shada lililofungwa na mwingine. Wakati mmoja nilimtumia moja la mwanafunzi, akalirudisha kwa bodaboda na ujumbe wa maneno manne: "Hii si mkono wako."

Nimesema habari za Nakiru, na huenda wasomaji wengine hawamjui. Ni Mturukana, amelelewa hapa mjini, alikuja kibandani akiwa ametoka shule na mdomo mkali kuliko panga langu. Nilimpenda kwa sababu alikuwa anabishana. Alibadilisha mambo mengi: ndiye aliyetuambia tuache utepe wa plastiki tutumie majani ya mkoma yaliyochovywa rangi, kama nyanya yake anavyofanya kwenye vikapu. Mimi nilipinga mwaka mzima, kisha nikaanza kuwaeleza wateja kwamba ni wazo langu.

Oktoba iliyopita alikuja akakaa mbele yangu juu ya debe.

"Mwalimu, nimeitwa Nanyuki. Kazi ya hoteli, kuanzia Januari."

"Hongera," nikasema, na fito ikaniponyoka mkononi.

"Sijasema nitaenda. Nataka uniambie kitu. Hii kibanda, unaniachia ama huniachii? Ukiniachia, nabaki. Kama bado unashika wewe, mimi naenda nikapike mayai ya watalii."

"Kibanda ni chenu nyote."

"Mwalimu. Umekuwa ukistaafu tangu nikiwa kidato cha nne."

Huo ulikuwa uchokozi, na ulikuwa kweli. Kila Januari nilitangaza kustaafu. Kila Septemba nilirudi kwa sababu, nilisema, wateja hawatakubali. Nikamwambia Nakiru yale yale. Nikamwambia Madam Gacheri anaujua mkono wangu, na tukimpoteza yeye tumepoteza nyumba zote za wageni za njia ile, kwa kuwa wote humwiga. Nikamwambia, kwa sauti ile inayonipatia jina la Mwalimu, kwamba kibanda kitakuwa chake siku ambayo Madam Gacheri atashindwa kutofautisha kazi yake na yangu.

Nakiru alivitazama vidole vyangu. Sikuvificha upesi vya kutosha.

"Sawa," akasema. "Tutaona. Lakini hivyo vidole vinaomba pensheni."

Desemba Madam Gacheri akaagiza mawili, kwa sababu alikuwa ametengeneza geti jipya la mabawa mawili. "Na yote mawili mkono wako," akasema. "Sitaki kazi ya wanafunzi kwa geti yangu mpya." Nikajibu ndiyo. Nilipokata simu, Nakiru alikuwa ameinua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Moja yako, moja yangu," akasema. "Na hatumwambii."

Nilikubali. Kusema kweli nilikubali kwa kiburi. Niliona aibu kwa niaba yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo, na ni somo nililowafundisha mimi mwenyewe mpaka mkalichoka. Fito ya mathenge haifungwi ikiwa mbichi. Unaikata asubuhi, unaikwangua miiba huku kisu kikielekea mbali nawe, kisha unailaza kivulini mpaka ngozi yake ipoteze ule mng'ao. Ukiipinda, ilalamike lakini isivunjike. Hapo imeshanywea, na ukiifunga, kamba inabaki ilipo. Ukiifunga mbichi itakufurahisha sana. Inapindika kama unga uliokandwa, na unajiona fundi. Baada ya siku chache juani inanywea ndani ya kamba, kama mtu mgonjwa ndani ya koti lake la zamani, na kila ulichokifunga kinalegea.

Fito iliyokauka kiasi inataka vidole vya kuivuta. Nilijaribu ya kwanza, mkono ukafa ganzi hadi kiwiko. Nilijaribu ya pili nikaona nyota za mchana. Nakiru alikuwa amenipa mgongo, akivuta kamba zake kwa meno, akiimba. Nikatoka nje, nikakata fito mbichi, laini kabisa, nikaketi nazo nyuma ya tangi la maji pale ambapo hakuna mtu angeniona.

Lilitokea zuri, siwezi kudanganya. Duara lilikuwa limetimia kama mwezi. Nikalitia mtihani wa jagi, nikatembea hadi getini na kurudi, na hakuna tone lililomwagika. Duara bichi halichezi, si siku ile. Nikapamba kwa maganda ya mgunga na vifuko vya ubani, nikaliweka kando ya la Nakiru. Mama Tume, ambaye siku hizi hutembea kwa fimbo lakini bado huja kukagua kama ubani wake haujapunjwa, aliyatazama yote mawili.

"Zote ni ngata," akasema. "Moja iko na haraka."

"Ipi?" nikamuuliza.

"Mwenyewe anajua."

Tulikwenda kuyatundika pamoja, mimi na Nakiru, siku ambazo Madam Gacheri alikuwa Meru kwa ndugu zake. Shada langu tukalitundika bawa la kushoto. Lake tukalitundika bawa la kulia. Mlinzi akatupigia makofi. Nilisimama katikati ya barabara nikiyatazama, nikatafuta kosa kwenye la kulia, nikalitafuta kweli kweli, kama mama mkwe anayekagua sufuria. Maganda yalikuwa yamelazwa upande mmoja, kama manyoya ya kuku aliyetulia, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya na nilitamani ningelifikiria. Kamba haikuonekana popote. Nilijiambia kwamba ni la kizamani kidogo. Nakiru aliniuliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Linajitahidi."

Nanyuki walitaka jibu kabla ya mwaka mpya, na tayari Nakiru alikuwa ameniomba begi langu kubwa.

Asubuhi ya Krismasi alikuja kwangu kusaidia chapati, kwa kuwa mimi sikandi tena, jambo ambalo nililiita "kumpa kijana nafasi". Mume wangu alikuwa nje akibishana na jogoo aliyekuwa amegoma kukamatwa. Simu ikalia juu ya meza. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, ya Nakiru ina unga. Aliona jina la Madam Gacheri kabla yangu, akabonyeza kwa kiwiko, sauti ikajaa jikoni.

"Mwalimu, Krismasi njema. Umeamka?"

"Njema, Madam. Nimeamka. Wageni wamefika salama?"

"Wamefika, wamefurahi, wanapiga picha na geti. Sasa wewe, kwa nini umenidanganya?"

Nakiru aliacha kukanda.

"Nimekudanganya vipi, Madam?"

"Nilikwambia yote mawili mkono wako. Na wewe ukasema ndiyo. Kai! Unafikiri mimi sijui mkono wako, miaka hii yote? Hiyo ya kulia nikiiona tu nilisema, huyu ni Mwalimu, tena mwaka huu amejizidi. Angalia vile maganda yamelala. Hata nimeambia mgeni mmoja, huyu mama amesoma. Lakini hiyo ya kushoto!"

"Ya kushoto imefanya nini?"

"Imefunguka! Usiku imeanguka yote, mbwa anakula maganda. Hiyo ni fito mbichi, Mwalimu, hata mimi sasa najua, kwa vile umetuhubiria. Mtu amefunga na fito mbichi. Si hiyo ni kazi ya mwanafunzi? Sema ukweli."

Nilimtazama Nakiru. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, unga umempaka hadi masikioni, na mabega yanatetemeka. Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua.

"Ni kweli, Madam," nikasema. "Ni ya mwanafunzi."

"Nilijua. Sasa huyo mwanafunzi utamfanyia nini?"

"Nimeshamwachisha kazi, Madam. Hatagusa kamba tena."